Mbao za mtumbwi ukutani: acha nafasi ya kuvimba na kusinyaa

Kazi yangu ya kwanza kwenda mbali na Jinja ilipasuka. Alikuwa sangara wa ukutani, nimemuunda kwa mbao tano za mtumbwi mkuukuu, upana wote sentimita 60. Niliunganisha mbao kwa gundi, kisha nyuma nikakingamisha vibao viwili kwa gundi na skrubu, nikakaza mpaka mkono ukauma. Akasafiri hadi Moroto, kule Karamoja. Januari mama aliyemnunua akanipigia simu: "Fundi, samaki wako amelia usiku. Tulidhani dirisha limevunjwa." Ufa ulikuwa umetoka jichoni hadi mkiani, na pale ulipoachana zaidi ulifika milimita 4.

Mbao zile zilikuwa mvule, ambao hausumbui sana ukilinganisha na mbao nyingine. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimezoea hewa ya ziwa hapa Walukuba, nikazipeleka Karamoja kwenye ukavu. Ubao ukipoteza unyevu haupungui urefu kwa kiasi cha kukusumbua, hupungua upana. Mvule uliopasuliwa bapa, upana wa sentimita 60, ukitoka unyevu wa asilimia 15 kushuka hadi 10, husinyaa karibu milimita 4. Paini hukaribia mara mbili ya hapo. Vibao vyangu vya nyuma nyuzi zake zilikingama, kwa hiyo vyenyewe havikusogea, vikazuia mbao za mbele zisisogee. Ilibidi kitu kikatike.

Siku hizi naanza na mizani. Mbao za mtumbwi nazinunua Masese zikiwa bado na rangi ya wavuvi, nang'oa misumari yote, napaka nta iliyoyeyushwa kwenye ncha zilizokatwa, maana maji hutoka upesi sana nchani na hapo ndipo nyufa huanzia. Nazipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite pande zote. Kila Jumamosi napima ubao mmoja kwa mizani ya duka la jirani na kuandika kwa penseli mgongoni mwake: kilo 4.6, 4.3, 4.1, 4.0, 4.0. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, naingiza mbao ndani ya nyumba zikae wiki mbili zaidi. Mteja mwenye haraka namwonyesha hizo namba, na wengi huelewa.

Kwenye kuunganisha, siweki tena gundi kati ya mbao na mbao. Naacha mwanya. Nikitengeneza Januari au Februari, mbao zikiwa kavu, mwanya ni milimita 2, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei zitazivimbisha. Nikitengeneza Aprili nazisogeza zikaribiane, maana zitaachana zenyewe baadaye. Mwanya haumharibu samaki. Mtumbwi wenyewe ulikuwa na mistari ile ile kati ya mbao zake.

Vibao vya nyuma bado naviweka, ila bila gundi. Kila ubao wa mbele unapata skrubu moja ya kawaida katikati ya upana wake. Hiyo ndiyo inayoushika. Skrubu za pembeni zinapita kwenye matundu marefu. Natoboa matundu mawili yanayogusana kwa keekee, kisha nasafisha katikati kwa patasi nyembamba, tundu liwe refu kufuata urefu wa kibao cha nyuma, yaani kukata nyuzi za mbele. Ukiligeuza upande wa pili halisaidii kitu. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu, kaza mpaka iguse, halafu rudisha nyuma robo mzunguko. Ukiusukuma ubao kwa kidole gumba unapaswa kuhisi umetikisika kidogo.

Sasa mafuta. Vanishi na mafuta hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, haviuzuii. Kwa hiyo idadi ya mapako mbele na nyuma iwe sawa. Nimeona kazi nyingi nzuri zimejikunja kama kigae kwa sababu mgongo uliachwa mkavu, upande mmoja ukanywa unyevu kuliko mwenzake.

Rangi ya zamani siiondoi, ndiyo uzuri wenyewe. Lakini huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo nasugua kwa msasa namba 240 uliolowa, barakoa usoni, watoto wakiwa mbali. Vumbi la mvule lenyewe huwasha ngozi na kifua hata pasipo rangi. Mvule pia una mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi na mafuta ya kitani kukauka. Kazi inaweza kunata kwa siku nyingi. Nafuta ubao kwa kitambaa chenye tina (ile ya kuzimulia rangi) na kupaka mara tu tina inapokauka, mapako mawili membamba ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa, siku mbili kati yake. Mwisho ni nta ya nyuki, sehemu moja kwa sehemu nne za mafuta, iliyoyeyushwa kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni. Hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Ukutani, usitundike juu ya plasta mbichi. Mimi natumia vipande viwili vilivyokatwa mshazari, kimoja ukutani, kingine mgongoni mwa kazi, kimoja kinakalia kingine. Vinabeba uzito na kuacha nafasi ya sentimita 2 hewa ipite.

Samaki wa Moroto nilimfuata mwenyewe. Niliachanisha gundi, nikachonga matundu marefu, na ufa sikuuziba kwa puti, kwa kuwa mbao zikivimba puti ngumu huzisukuma zipasuke upya. Mwezi wa Mei mama alinipimia ufa kwa rula: milimita 2.