Jinsi ya Kufunga Baiskeli Kwenye Stendi ya Mazoezi Nyumbani, Malindi

Kabla ya kufungua boksi la stendi ya mazoezi, ambayo waendesha baiskeli wengi huiita treina, zunguka nyumba yako ukitafuta mahali penye upepo. Kifaa hiki hupendwa sana na watu wa nchi za baridi, wanaojifungia ndani kukimbia theluji. Mkazi wa Malindi hana theluji ya kukimbia, bali ana joto na hewa nzito yenye unyevu. Barabarani mwendo wenyewe hukupepea, lakini ukikanyaga pedali umekaa mahali pamoja, jasho hutiririka bila kukauka, hasa miezi ya kaskazi, na mwili hulemewa na joto kabla miguu haijachoka.

Chumba cha kulala ndicho mahali pabaya kuliko pote, ingawa wengi huanzia huko. Ukumbi wenye madirisha yanayoelekeana, au baraza iliyoezekwa makuti, hufaa zaidi. Kwa kuwa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, upande wa nyumba unaotazama bahari ndio wenye bahati misimu yote miwili. Hata hapo, weka feni ya kusimama mbele yako, ikielekea kifuani. Umeme ukikatika na feni ikanyamaza, punguza mwendo au ushuke.

Stendi zipo za namna mbili kuu. Moja huchukua nafasi ya gurudumu la nyuma. Haina kelele nyingi, lakini ni ghali. Nyingine, ambayo ndiyo ninayoieleza hapa, huliacha gurudumu mahali pake na kulibana kwa rola, yaani mche wa duara unaozunguka pamoja na tairi. Hii hutaka tairi laini, kwa maana tairi lenye meno hunguruma na kutetemesha kila kitu. Baiskeli nzito ya Black Mamba iliyozoea kubeba mizigo iache ifanye kazi yake, kwani ekseli yake ya nati na keria yake nzito hazielewani na stendi.

Tandika mkeka wa mpira sakafuni, ufungue miguu ya stendi mpaka mwisho, na uhakikishe haichezi. Toa ule ufito wenye mkono wa kufungulia unaopita katikati ya ekseli ya nyuma, utie ule wa chuma uliokuja na stendi, ambao ncha zake zimechongwa zikae sawasawa ndani ya vikombe vya kubania. Jaza upepo tairi likiwa baridi, bila kuzidisha kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, na urudie kipimo hicho hicho kila siku. Vinginevyo uzito wa kukanyaga utabadilika nawe usijue sababu. Pachika baiskeli, kaza vikombe, kisha uitikise kwa mikono miwili kabla ya kuipanda.

Sasa sogeza rola mpaka iguse tairi, na ukaze zaidi kwa idadi ya mizunguko iliyotajwa na mtengenezaji. Panda, kanyaga kwa nguvu ghafla: tairi likiteleza, ongeza nusu mzunguko. Ukikaza kupita kiasi, tairi litalika na kumwaga unga mweusi sakafuni. Gurudumu la mbele liinue kwa kigogo cha plastiki au ubao, baiskeli isiinamie mbele. Watoto wakae mbali, kwa kuwa spoki zinazozunguka na rola hazina huruma na vidole.

Jasho ni chumvi, na chumvi hula chuma. Tandaza taulo juu ya usukani na fremu tangu mwanzo, na ukimaliza ufute skrubu za usukani kwa kitambaa chenye maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, kisha ukaushe. Legeza rola ili tairi lisibonyee, na kama ulikuwa barazani, ingiza baiskeli ndani. Hewa ya bahari haingoji asubuhi.