Kuchagua na kubadilisha taima ya pampu ya bwawa la kuogelea

Taima ikifa, usikimbilie dukani kununua nyingine kama ileile. Ifungue kwanza uone imekufaje. Mara nyingi saa bado inatembea, ila pointi za swichi zimeungua na kugandana, ndiyo maana pampu haizimi. Taima iliyoandikwa ampia 16 imepimwa kwa mzigo kama wa hita, lakini mota inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya umeme wake wa kawaida.

1. Soma kibao cha pampu. Pampu ya HP 1 kwa volti 230 huvuta kama ampia 5 au 6. Kuanzia hapo, mimi siipitishi pampu ndani ya taima. Taima naiachia kazi ya kuwasha kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme), na kontakta ndiyo ibebe pampu.

2. Chagua taima. Ya vijino vya kusukuma kuzunguka saa, kila kimoja dakika 15, hata mtunza bustani ataielewa. Shida yake ni kwamba umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inachelewa saa tatu hizo, labda iwe na akiba ya kuendesha saa. Huku Pwani nunua yenye betri ya akiba. Angalia pia kama imeandikwa 50 Hz. Ya vijino iliyotoka Marekani, ya 60 Hz, hata kama ni ya volti 240, itachelewa dakika 10 kila saa, yaani saa 4 kwa siku.

3. Kata umeme kwenye breka na ubandike karatasi asije mtu akaiwasha. Kisha pima kwa mita. Klorineta (kifaa cha kutengeneza klorini kutoka chumvi ya majini) na taa huenda zina laini nyingine ambayo bado ina umeme.

4. Piga picha ya nyaya na uzitie alama. Rangi usiziamini sana: nyumba za zamani nyekundu ni laini (waya wa moto) na nyeusi ni nutro, za sasa ni kahawia na bluu, na kuna za fundi aliyetumia alichokuwa nacho.

5. Unganisha. Hapa ndipo wengi hukwama: taima inalia "tak" lakini pampu kimya. Taima nyingi za reli (za kubana kwenye reli ndani ya boksi) zina pointi kavu, hazitoi umeme zenyewe. Laini na nutro zinazoingia ni za kuendesha saa tu. Chukua kipande cha waya kutoka laini ukipeleke kwenye komoni (tundu la kuingilia) ya swichi; kinachotoka upande wa pili kiende A1 ya kontakta, na nutro iende A2, ambazo ni ncha mbili za koili yake. Hakikisha koili ya kontakta ni ya volti 230. Ethi ya pampu usiikate kamwe, na laini yote ilindwe na breka ya kuvuja (inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30.

6. Panga saa. Gawa ujazo wa bwawa kwa uwezo wa pampu: mita za ujazo 50 kwa pampu ya 10 kwa saa ni saa 5 kuzungusha maji mara moja. Endesha mchana, jua linapokula klorini. Taima haijui saa zetu, kwa hiyo saa tatu asubuhi iandikie 09:00.

Klorineta ya chumvi iwake pamoja na pampu tu. Ikifanya kazi maji yamesimama, gesi ya hidrojeni hujikusanya ndani yake na inaweza kulipuka.

Boksi lifunge vizuri, mbali na madumu ya asidi. Mvuke wake hula shaba.