Kabla Hujanunua Massey Ferguson ya Zamani

Dalali akikupigia simu kwamba kuna Massey Ferguson 165 "safi kabisa, haina tatizo," usianze na rangi. Rangi nyekundu mpya kwenye trekta la mwaka 1970 ni kazi ya makopo mawili na brashi. Mimi nalima mahindi na ngano kidogo huku Karatu. Nimenunua matrekta mawili ya zamani, na la kwanza liliniumizia watu wawili. Fuata ninayoandika hapa, na usitoe hata advansi kabla hujayamaliza.

Nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji. Fika mapema kuliko saa mliyopatana, na kabla trekta halijawashwa weka kiganja kwenye injini. Ukikuta ina joto, limeshawashwa likapashwa ili lisikuaibishe mbele yako. Rudi siku nyingine. Injini ya Perkins ya silinda 3 iliyo kwenye MF 135, au ya silinda 4 iliyo kwenye 165, ikiwa nzima inawaka hata ikiwa baridi. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si neno. Ukiendelea kuwa mweupe baada ya injini kupata moto, shuku nozeli au gasketi ya silinda hedi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, maana yake ringi za pistoni zimekwisha. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Kikitoa moshi kwa kusukumasukuma, pistoni hazizibi tena, na hapo punguza bei au ondoka.

Chomoa kipimo cha oili ya gia ukipake kwenye karatasi nyeupe. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Kwenye Massey hizi oili ya gia na ya haidroliki ni moja, na maji hupenya kwenye mpira uliochanika pale chini ya mkono wa gia, trekta likilazwa nje masika mawili matatu. Kwa hiyo maji hayo yameshapita kwenye gia na kwenye pampu ya haidroliki vilevile.

Fungeni plau, inyanyueni, zimeni injini, mkanywe chai. Mkirudi mkaikuta imelala chini, haidroliki inavuja ndani.

Klachi ikiteleza usidanganywe kwamba ni kurekebisha tu. Kuibadilisha ni kulipasua trekta katikati, nusu ya mbele huku na nusu ya nyuma kule. Inyanyueni ekseli ya mbele kwa jeki, mtikise matairi msikilize bushi zinavyogonga. Tairi za nyuma angalia ndani ya rimu, karibu na valvu, maana nyingi zimejazwa maji ili kuongeza uzito na kutu huanzia hapo. Kadi, namba ya kibati na namba iliyogongwa kwenye injini zilingane. Zisipolingana, acha.

Sasa breki. Hapa soma taratibu.

Trekta lina pedeli mbili za breki upande wa kulia, moja kwa tairi la kushoto na moja kwa tairi la kulia. Zimetenganishwa kwa sababu ukifika mwisho wa shamba unakanyaga moja, tairi la upande huo linasimama, na trekta linageuka palepale. Ukitoka shambani kuingia barabarani, pedeli hizo lazima zifungwe pamoja ziwe kitu kimoja. Kinachozifunga ni komeo, kipande cha chuma kisichozidi kidole cha shahada, unakilaza kinashika pedeli zote mbili. Kwenye trekta la miaka hamsini kipande hicho ndicho cha kwanza kupotea, na hakuna anayekiulizia kwa sababu trekta linatembea vizuri tu bila hicho.

Langu la kwanza, 165, halikuwa nacho. Sikujua hata kwamba kinatakiwa kuwepo.

Lilikuwa na kitu kingine nisichokijua vizuri, mfumo wa Multi-Power. Ni kimkono kidogo kwenye dashibodi: kila gia inagawanywa kuwa ya chini na ya juu, unabadilisha bila kukanyaga klachi. Shambani ni raha. Ukifika kwenye udongo mgumu unashusha, ukipita unapandisha. Lakini ukiwa kwenye ya chini, injini inaweza kuyasukuma matairi, ila matairi hayawezi kuisukuma injini, sawa na baiskeli unapoacha kupiga pedeli kwenye mteremko. Injini haizuii chochote. Dereva wa lori amefundishwa maisha yake yote kwamba kabla ya mteremko weka gia nzito, yaani ndogo. Kwenye trekta hili, kushusha kile kimkono ni kuliachia.

Ilikuwa Julai, tunatoa mahindi shambani. Tela halina breki, lina magunia 40. Mpwa wangu anaendesha, utingo kakaa juu ya magunia, mimi nafuata nyuma kwa pikipiki. Kuna mteremko wa kushuka korongoni kabla hujaikuta lami. Mpwa wangu ni mwangalifu. Pale juu alipunguza mwendo, akashusha Multi-Power, akaanza kuteremka. Nilichokisikia sijakisahau: injini ilinyamaza. Trekta linaloshuka na mzigo likizuiwa na gia hulia, hunguruma mpaka unalionea huruma. Hili lilikuwa linapumua polepole kama limeegeshwa, huku matairi ya nyuma yanazidi kukimbia na vumbi linapanda.

Akakanyaga breki. Mguu ukaangukia pedeli ya kulia peke yake. Tairi la kulia likakaza, la kushoto likaendelea, trekta likajipinda kulia, na zile tani nne za mahindi zikalisukuma kutoka nyuma. Tela likaja ubavuni, trekta likalala mtaroni. Utingo alirushwa na magunia yakamwangukia. Paja lilivunjika. Mpwa wangu alitupwa upande wa juu, mbavu tatu. Trekta hilo halikuwa na fremu ya kumkinga dereva, kama yalivyo mengi ya enzi hizo. Lingemlalia tusingekuwa naye.

Tulipomvuta pembeni alikuwa anarudia neno moja: "Mjomba, niliweka nzito. Mjomba, niliweka nzito kabisa."

Na kweli aliweka.

Baada ya wiki fundi mmoja mzee alikuja kulitazama. Alipiga magoti, akakwangua tope kwenye pedeli kwa bisibisi, akanionyesha tundu dogo. "Komeo lilikuwa linakaa hapa." Mchomeleaji alitengeneza jipya kwa shilingi 12,000. Yule kijana utingo anatembea leo, lakini mguu mmoja ni mfupi.

Kwa hiyo, siku ya kukagua, uliza komeo la breki kabla hujauliza bei. Lifunge, peleka trekta mahali tambarare penye vumbi, gia ya tatu, kanyaga kwa nguvu, kisha shuka ukapime alama za matairi mawili ya nyuma. Zilingane urefu. Upande mmoja ukiburuza mrefu na mwingine mfupi, trekta hilo litakugeuza barabarani hata likiwa na komeo. Uliza kama lina Multi-Power. Kama linayo, mteremko unashukwa kimkono kikiwa kwenye ya juu, na kwenye mkono wa gia wa kawaida umechagua gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si katikati. Trekta la namna hiyo halisukumwi likawaka, betri ikifa imekufa. Na usiliegeshe mlimani kwa kutegemea gia ya mbele, kwa sababu litateremka lenyewe. Vuta handibreki, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi.

Spea za 135 na 165 bado zinapatikana, na ndiyo sababu nakushauri hizo kuliko trekta geni ambalo filta yake lazima uagize nje. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga Kongwa walileta matrekta ya mtumba, mengine masalio ya vita kutoka Ufilipino. Udongo wa Kongwa ukikauka ni saruji. Mashine zilikufa shambani, na spea za kuzifufua zilikuwa mbali. Mpango wenye fedha za serikali nzima ulishindwa hapo, wewe una mkopo wa SACCOS.

Ukishanunua, usilime kesho yake. Mwaga oili zote, badilisha filta zote, safisha tangi la dizeli mpaka chini. Muulize fundi kama thermostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa, injini inafanya kazi baridi na kula ringi.

PTO, ule mhimili wa nyuma, huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Ukiendesha mashine ya kupukuchulia bila kifuniko cha mhimili, kanga, shuka au koti lililofunguka linavutwa na mtu mzima kabla hajapiga kelele. Nunua kifuniko. Wafukuze watoto.

Usivute gari lililokwama kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli. Funga chini, kwenye ndoano ya kuvutia, la sivyo pua inanyanyuka na trekta linapinduka kinyumenyume juu yako. Usipakie watu kwenye madigadi, hata mwenye shamba akikasirika. Asisimame mtu kati ya tairi na plau wakati wa kufunga. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Dereva mpya mpe kwanza wiki moja shambani bila tela. Na usiku usiingie lami kama tela halina taa ya nyuma. Zima, laleni shambani mpaka kupambazuke.