Jinsi ya kufanya muvi ya kizalendo isichoshe: punguza hotuba, ongeza kipigo (ila kwa akili)

Muvi nyingi za kizalendo zinakufa dakika ya kumi na kinachoziua ni hotuba. Steringi anasimama mbele ya bendera anaongelea nchi yake mpaka mate yanamkauka, na jamaa aliyelipa hela yake kibanda umiza kashatoa simu anachati. Dawa ni kipigo, mwanzo mpaka mwisho. Ila kipigo nacho kina utaratibu, ukirusha mabomu ovyo ovyo masaa mawili watu wanachoka vilevile. Kwa hiyo kama unaandika skripti yako ya kizalendo, fanya hivi.

Kabla hujampa steringi ngumi ya kwanza, tengeneza deni. Cheki RRR ya Rajamouli wa India, ilitoka 2022, ina masaa matatu na hakuna anayeangalia saa. Stori ni ya miaka ya 1920, Mwingereza bado anatawala India. Gavana kapita kijijini, mkewe kapenda kabinti kanakoimba na kumchora mkono, basi wanakabeba wanaondoka nako kama vile wamenunua kikapu. Mama anakimbiza gari analia, askari ananyanyua bunduki ammalize, gavana anamzuia, na wewe unajua labda kamhurumia, kumbe anapiga hesabu: hii risasi imetengenezwa Uingereza, imevuka bahari, imegharimu pesa, huwezi kuipoteza kwa mtu kama huyu. Askari anaokota gogo anampiga nalo mama wa watu kichwani. Basi. Hapo hamna aliyetamka neno ukoloni, hamna aliyeimba wimbo wa taifa, lakini ukumbi mzima ushamdai yule mzungu, na deni linalipwa mwishoni kabisa, kwa risasi. Masaa matatu unasubiri risasi moja! Ndo maana nasema deni liwe na kitu kinachoonekana kwa macho, risasi, pete, daraja, chochote, maana "heshima ya taifa" kamera haiwezi kuipiga klozapu.

Ukishakuwa na deni, kila faiti lazima iwe na kazi yake. Mimi natumia kipimo kimoja tu, nafuta faiti kwenye skripti halafu nasoma upya, kama stori inaendelea vizuri bila hiyo faiti basi ilikuwa mapambo, iende. Kwenye RRR hiyohiyo Raju, mmoja wa masteringi wawili, tunamjua akiwa polisi wa Mwingereza, umati umezingira kituo, mtu mmoja katupa jiwe na mkubwa anataka huyohuyo akamatwe, jamaa anaruka uzio peke yake anaingia katikati ya watu elfu na kitu, anapigwa, anakanyagwa, anapotea kabisa chini ya miguu, halafu anatokea kamshika yuleyule. Ukitoka hapo unajua hana breki, unajua pia yuko upande mbaya, unabaki unajiuliza kwa nini. Jibu unalipata baadaye sana. Angekuja mtu kukuelezea kwa maneno ingechukua dakika ishirini na ungelala.

Sasa hapa ndo wengi wanapokosea, wanadhani kipigo ni cha kutoa tu. Kipigo cha kupokea kina nguvu zaidi! Bheem, steringi wa pili aliyekuja kukatafuta kale kabinti, anafungwa hadharani anachapwa mijeledi ili apige magoti, na anayemchapa ni rafiki yake Raju, ila Bheem anakataa kupiga magoti, anaimba, damu inatiririka chini mpaka watu waliokuja kutazama wanachafukwa na kuwavamia askari. Steringi hajarusha hata kofi, na ndo sini ya kizalendo kuliko zote mle ndani. Weka moja ya hivyo karibu na katikati, usiweke tatu, watu wataona unawatesa.

Na pumzi je? Watu wakisikia "kipigo mwanzo mpaka mwisho" wanafikiri ni risasi juu ya risasi. Hapana, ushindani usipoe, damu inaweza kupumzika. Ile Naatu Naatu, wimbo wa humohumo kwenye RRR uliochukua Oscar 2023, ni faiti kabisa ukiiangalia vizuri, kuna dharau mwanzoni, kuna pande mbili, kuna watu wanadondoka mmoja mmoja, kuna wa mwisho kusimama, ila wanacheza muziki. Watoto wanaangalia, bibi anaangalia.

Tuje kwetu. Vita ya Kagera, ile Tanzania ilipopigana na Idi Amin wa Uganda, imelala tu pale inasubiri mtu mwenye akili. Tukipewa leo tutaanza na ramani na sauti ya mtangazaji, nakuhakikishia. Mimi ningeanza na daraja la Kyaka, watu wanavuka na mbuzi na baiskeli kama siku zote, tunawajua wawili watatu kwa majina, halafu Novemba 1978 majeshi ya Amin yanalilipua na wale wetu wawili wako ng'ambo. Deni hilo hapo. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita kila mtu anaijua kwa kichwa, kwa hiyo usiicheze yote, iache kwenye redio mbao, akifika "sababu ya kumpiga tunayo" kata, ingia kwenye malori yanayopanda Kagera kwenye matope.

Faiti kubwa ningeiweka Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, maana ile sehemu yenyewe imeshakuandikia sini. Ni barabara inakatiza kinamasi, huwezi kukimbilia kushoto wala kulia, na mbele kuna Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Wetu wa brigedi ya 201 walipigwa kwanza wakarudi nyuma hovyo. Usiifiche hiyo! Muvi ambayo jeshi lako halishindwi hata siku moja haina presha, mtazamaji anajua mwisho, anaenda kununua karanga. Onyesha wanavyorudi, onyesha tope, halafu kesho yake brigedi ya 208 inazunguka kuwafungia njia kwa nyuma. Kabla ya risasi ya kwanza tupe picha moja ya juu tujue barabara iko wapi na adui yuko wapi, maana mkanganyiko wa kamera inayotikisika sio vita, ni kizunguzungu.

Bendera iache mwishoni. Wachina kwenye Wolf Warrior 2, 2017, steringi Wu Jing kapigana tangu chini ya maji na maharamia, kakimbizwa na vifaru, kachakaa, ndo dakika za mwisho anaifunga bendera kwenye mkono wake anaunyoosha juu msafara upite katikati ya vita. Ingetokea mwanzoni watu wangecheka. Ila muvi ile ina kasoro moja inayoniudhi kama Mwafrika, vita iko Afrika na sisi wenyewe humo ni wa kuokolewa au wa kufa, basi. Ukitengeneza ya Kagera, Mganda asiwe bango la kupigia shabaha, wengi wao walikuwa wanateswa na Amin huyohuyo, mpe mmoja jina na sababu, faiti itakuwa tamu zaidi maana tutaogopa kumpoteza.

Bajeti isiwe kisingizio. Mwongozaji Nabwana kule Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex 2010 na bunduki za vyuma chakavu vya kuchomelea na damu ya bandia kwenye kondomu, ikapasuka kifuani, dunia nzima ikaona. Kama una hela kidogo weka kwenye sauti. Ngumi mbovu yenye mlio mzuri inauma, ngumi nzuri yenye mlio wa kupiga godoro inachekesha. Rekodi zako mwenyewe, vunja kabichi, piga nyama buchani kwa ubapa wa panga, na usitumie ule mlio wa bure wa intaneti kila mtu anaujua.