Kuandaa ziara ya uwanja wa vita kwa chama cha maofisa na wapenzi wa historia

Ofisa anajua uzito wa kutoa amri huku taarifa zikiwa nusunusu. Mpenzi wa historia anajua barua, ramani na shajara zinasema nini, na ipi si ya kuaminika. Ziara ya uwanja wa vita inawahitaji wote wawili, ila ni rahisi mno igeuke matembezi ya watalii. Utaratibu unaofaa una hatua tatu: kusoma, kutembea uwanjani, kujadili. Mwaka 1906 Meja Eben Swift wa Jeshi la Marekani aliwapeleka wanafunzi wake Georgia kwa ziara ya namna hii, na jeshi hilo bado linafundisha hivyo.

Anzeni na swali moja. Tuchukue Waterloo, Ubelgiji, ambako Napoleon wa Ufaransa alishindwa tarehe 18 Juni 1815. Vita nzima haimalizwi kwa ziara ya siku moja, lakini swali hili linatosha siku: mgongo wa kilima wa Mont-Saint-Jean ulimsaidia nini Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao? Swali likishapatikana, vituo vinajichagua. Viwe 5 hadi 7, kila kimoja dakika 20 hadi 25, na mwendo wote usizidi kilomita 5. Mkiongeza kituo cha 8 na cha 9, kitakachokatwa ni mjadala, na mjadala ndio uliowapeleka huko.

Wiki 4 kabla, kila mshiriki apate kabrasha la kurasa 10 hadi 15: ramani ya 1:25,000, orodha ya vikosi na makamanda kwenye ukurasa mmoja, mfuatano wa matukio, na shuhuda mbili tatu zinazopingana. Msizilainishe. Saa za mashahidi hazikuwa zimelinganishwa, ndiyo maana kila mmoja ana saa yake ya kuanza kwa mapigano ya Hougoumont, shamba lililoshikiliwa na watu wa Wellington. Kisha gaweni nafasi: huyu Wellington, yule Ney, jemadari wa Napoleon, mwingine kamanda wa batalioni iliyo nyuma ya kilele. Mpeni raia uamuzi wa jenerali, na ofisa barua za askari wa kawaida. Vyeo vibaki kwenye basi, la sivyo kanali akishasema, hakuna atakayembishia.

Mwongozaji lazima akague uwanja mapema, ikiwezekana msimu uleule na saa zilezile za ziara. Mazao yaliyosimama huziba mandhari, jua la jioni huwachoma macho wasikilizaji, na upepo kileleni humeza sauti. Aombe ruhusa ya wenye mashamba, aone basi litageuzia wapi, vyoo viko wapi na maji yatapatikana wapi.

Kubwa kuliko yote, achunguze ardhi imebadilika vipi. Kilima cha Simba pale Waterloo, kilichokamilika mwaka 1826 na chenye kimo cha mita 40 hivi, kilijengwa kwa udongo uliochotwa kwenye mgongo uleule alioutetea Wellington. Anayeuliza mteremko mdogo vile ulimzuia nani, anauliza kuhusu ardhi iliyokwisha kuondolewa. Tena, juu ya kilima hicho uwanja wote unaonekana kwa namna ambayo hakuna kamanda aliyeuona siku ile. Wapandisheni watu mwisho kabisa. Mkianzia huko, kila uamuzi wa siku ile utaonekana wa kijinga.

Kwenye kila kituo, elekezeni ramani kwanza: kaskazini ni wapi, adui yuko wapi. Mwongozaji aeleze hali kwa dakika 5, asizidi, kisha amgeukie mwenye nafasi: “Unaamua nini?” Sharti ni moja: hakuna kutumia jambo lililojulikana baada ya saa hiyo. Mnamo saa 7 mchana Napoleon aliona wanajeshi wakitokea mashariki. Mshiriki aamue akijua hilo tu, ndipo atajwe Blücher na Waprusia wake, washirika wa Wellington.

Tumieni miguu. Mtu mmoja asimame nyuma ya kilele, wengine wapande kutoka upande wa Wafaransa, waseme wanapoona kofia yake kwa mara ya kwanza. Bunduki ya gumegume ilikuwa na maana dhidi ya safu ya watu kwa takriban mita 100. Umbali huo ni kama dakika moja na kidogo kwa mwendo wa kawaida, na zaidi kwenye tope la mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia vita. Hakuna mhadhara unaofundisha hilo vizuri kuliko kupima kwa saa.

Kwenye viwanja vya karne ya 20, makombora ambayo hayajalipuka yangali ardhini, na kutu haimaanishi kwamba yamekufa. Msiguse. Wekeni alama kwa mbali, ondokeni kwa njia mliyojia, itaarifuni polisi. Hata kifungo cha sare kiacheni mahali pake: mahali kilipo ndio ushahidi anaouhitaji mwanaakiolojia, na nchi nyingi zinakataza kukichukua.

Mjadala ufanyike siku hiyohiyo, watu wakiwa wameketi, dakika 60 hadi 90. Rudini kwenye swali la mwanzo, na wa kwanza kusema wawe waliokuwa kimya uwanjani. Watu wawili waandike, ofisa mmoja na raia mmoja, kwa sababu kila upande husikia mambo yake. Kumbukumbu zao, pamoja na ramani iliyosahihishwa na muda halisi uliotumika kila kituo, ziwekwe kwenye jalada la chama kabla wiki haijaisha.