Somo: Kumtunza mtoto aliyekimbia vita na askari aliyerudi, wakiwa nyumba moja

Habari zenu wanachama, na shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mtwara, na somo hili limeombwa na wengi.

Huku kwetu kusini vita si habari ya kwenye runinga tu. Tangu mapigano yaanze Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado huko Msumbiji, Oktoba 2017, ndugu zetu wamekuwa wakivuka mto Ruvuma na watoto mgongoni. Oktoba 2020 mashambulizi yakafika hadi kijiji cha Kitaya, upande wetu. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma, hukohuko Cabo Delgado, watu wakakimbia tena. Na nyumba hizohizo zinazowapokea watoto ndizo zenye babu aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, au kaka aliyetoka ulinzi wa amani Kongo, ambako Desemba 2017 vijana wetu waliuawa kwenye kambi ya Semuliki. Mtoto halali, mzee halali, na mama wa nyumba yuko katikati yao hajui amshike nani.

Nikiwaachia jambo moja tu leo, liwe hili: usimlazimishe mtu asimulie. Kwanza ajisikie salama, kisha siku zake zipate mpangilio. Maneno yatafuata kwa wakati wake. Wengi wetu, kwa upendo kabisa, tunaanza na maneno. Mgeni hajanywa hata maji, ameshaulizwa nani alichinjwa.

Hatua ya 1: Mjulishe yuko wapi na nani yuko naye. Mwonyeshe mtoto mlango, choo, mahali utakapolala wewe. Mwambie jina la kijiji na kwamba mto uko mbali, kama kweli uko mbali. Usimdanganye. Akiuliza mama yake yuko wapi na hujui, sema hujui, ila mnamtafuta, na wewe huondoki. Watoto wa pwani ya Cabo Delgado wengi wanasema Kimwani, ambacho kinakaribiana sana na Kiswahili chetu, na wa bara wanasema Kimakonde. Mtafute jirani anayekijua, hata kama ni kwa salamu tu.

Halafu angalieni sauti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Embe likianguka kwenye bati saa nane za usiku, wewe unageuka upande wa pili unaendelea kulala. Mtoto yuko chini ya kitanda. Mzee yuko mlangoni na panga, jasho linamtoka. Hajachanganyikiwa wala hana shetani. Mwili wake umefunzwa kwamba kishindo ni kifo, na mwili hausubiri akili ifikiri. Orodhesheni vishindo vya kwenu: maembe, radi za Januari, baruti za wavuvi haramu huko baharini, ringi la gari linalogongwa shuleni badala ya kengele, fataki za mwaka mpya. Mnachoweza kukizuia, kizuieni. Msichoweza, mwambieni kabla: "Leo kuna wingu, radi itapiga, nitakuwa hapa." Kishindo kilichotangazwa hakimvunji mtu kama kile kilichomvizia.

Hatua ya 2: Rudisha ratiba. Uji saa ileile, kuoga saa ileile, shule mapema iwezekanavyo. Mpe mtoto kazi ndogo ya kwake, kulisha kuku au kuokota korosho na wenzake. Mzee naye asiachwe kibarazani kama mgonjwa. Mwombe akague uzio, afundishe wajukuu kusuka mkeka au kamba. Aliyekuwa na cheo jeshini anaumia sana akigeuka mtu wa kuletewa sahani tu.

Hatua ya 3: Usiku. Askari akiweweseka, usimtikise wala usimwinamie. Anaweza kukukaba kabla hajajua ni wewe, na asubuhi aibu hiyo itamzidishia ugonjwa. Simama mbali, upande wa miguuni, washa taa, mwite kwa jina lake kwa sauti ya kawaida: "Baba Saidi, ni mimi mkeo, uko nyumbani Newala, ni usiku, tuko salama." Rudia mpaka ajibu. Kisha akanyage sakafu kwa nyayo, ashike kikombe cha maji baridi.

Mtoto anayekojoa kitandani baada ya kuacha zamani hajawa mkaidi. Msimpige, msimtembeze na godoro nje, msimtaje mbele ya wenzake. Badilisha shuka kimya, mrudishe kulala. Akiwa ameshtuka, mfundishe kutoa pumzi polepole kama anayepuliza uji wa moto. Hata wa miaka minne anaiweza hiyo, na mkiifanya wote wawili inawatuliza wote wawili.

Hatua ya 4: Kusikiliza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011, pamoja na washirika wake, mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mambo yake makuu ni matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Neno "hoji" halimo. Kaa karibu mkifanya kazi ya mikono, mkimenya mihogo kwa mfano. Akisema, sikiliza. Akinyamaza, endelea kumenya. Usiseme "sahau, yamepita" wala "afadhali wewe uko hai". Sema "pole" na "ndiyo maana unaogopa". Inatosha.

Mtoto atacheza vita kwa vijiti. Mwacheni, ndiyo lugha yake. Kinachonitia wasiwasi ni mchezo uleule unaorudiwa bila kubadilika, na akimaliza anakuwa na hofu kuliko alivyoanza. Hapo aonwe na mtaalamu.

Kuna tiba ambayo mtu husimulia maisha yake kwa mpangilio, mikutano kadhaa, mbele ya aliyefunzwa kazi hiyo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hata wakimbizi wenyewe walifunzwa kuitoa, na iliwasaidia wenzao. Lakini yule amefunzwa kumrudisha mtu akizama kwenye kumbukumbu zake. Shangazi aliyekuja msibani hajafunzwa.

Hatua ya 5: Fungia vitu vya hatari. Sumu ya kupulizia mikorosho isikae chini ya kitanda. Ifungiwe, ufunguo uwe kwa mtu mwingine. Msimu wa mabibo, pombe za uraka na nipa ziko kila kona, na askari asiyelala ataona amepata dawa. Atasinzia, kisha ataamka saa tisa akiwa mbaya zaidi. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani pia acheni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza kumpa mtu dawa za kutuliza za aina ya dayazepamu kwa sababu ya kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Na tafadhali, futeni zile klipu za mauaji kwenye simu. Mtoto anazifungua mkiwa shambani.

Hatua ya 6: Hospitali. Wengi hupata nafuu wiki chache wakiwa salama na watu wao. Mwezi ukipita na bado ndoto, kushtuka na kujitenga vinamzuia kuishi, anzeni zahanati au kituo cha afya, mpewe rufaa kwenda Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Msisubiri mwezi kama anataka kufa, hali chakula, au anasikia sauti zisizokuwepo. Muulize waziwazi, "Unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizi wazo hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tandahimba: Nesi, mume wangu alirudi kutoka ulinzi wa amani. Ndugu zake wanasema ametupiwa jini, wanataka akafungwe kwa mganga. Nifanyeje?

Jibu: Pole dada yangu. Dua na kisomo havina ubaya, vingi vinamtuliza. Kufungwa kamba, kunyimwa chakula na kufukizwa kwa nguvu hapana. Aliyewahi kushikwa au kuvamiwa vitani, ukimfunga unamrudisha kulekule. Usibishane na wakwe kuhusu jini. Waambie aende hospitali kwanza, dua ziendelee. Na kama bado yuko kazini jeshini, mshawishi awaone madaktari wa jeshi. Kuumwa akili baada ya vita si utovu wa nidhamu.

Mwanachama, Nanyumbu: Tunaye mpwa wetu wa miaka 9 kutoka Msumbiji. Mjomba anataka aingie jando likizo hii na wenzake. Bado analia usiku.

Jibu: Shikamoo kwa mjomba, na mfikishie ombi langu kwa heshima: asubiri. Jando humtenga mtoto na nyumbani, kuna kisu, kuna ngoma za usiku. Kwa mtoto aliyetulia ni fahari. Kwa huyu ni kutekwa tena. Msimu utakuja mwingine. Akianza kulala na kucheza, na akataka mwenyewe, mjomba awe naye karibu. Mkijali tohara tu, hospitali wanafanya.

Mwanachama, Lindi mjini: Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wangu anaganda ghafla darasani, haitiki.

Jibu: Mwalimu, mkalishe anapouona mlango bila kuwa na watu nyuma yake. Akiganda, usipige meza wala kumnyooshea fimbo. Inama usawa wake, taja jina lake na siku ya leo, mwambie aguse dawati. Akirudi, mpe daftari aendelee, bila hotuba. Kama unahisi anateswa anakoishi, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini.

Mwanachama, Masasi: Babu alipigana Kagera. Miaka yote hakusema lolote, tangu amefiwa na bibi ndiyo anaota vita. Inawezekana baada ya miaka hiyo yote?

Jibu: Inawezekana kabisa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita 65. Kazi imeisha, mwenzake hayupo, na yaliyofunikwa yanapanda. Mtafutieni askari mwenzake wa rika lake wakae pamoja. Kwake ataongea asiyoyaongea kwenu. Apimwe pia presha na sukari, na mwambieni daktari kuwa ni askari wa zamani. Mara nyingi hilo halisemwi, na daktari hawezi kuliuliza asipolijua.