Watoa huduma wawili, BGP moja: kupanga trafiki ipite wapi

BGP ni itifaki ambayo mitandao ya intaneti huitumia kuambiana njia. Tuchukue mtandao wenye namba AS 64500 na bloku ya anwani 203.0.113.0/24, uliounganishwa na watoa huduma wawili wa intaneti. Mtoa huduma A (AS 64501) ana laini pana, B (AS 64502) ni wa akiba. Ruta inaendeshwa na programu ya FRRouting (FRR). Namba zote ni za mfano; weka zako.

Trafiki inayotoka unaiamrisha mwenyewe. Inayoingia unaiomba tu, kwa sababu mitandao ya mbali ndiyo inayoamua.

1. Chuja unachotangaza

Fanya hili kabla ya yote. Ukiliruka, njia za A zitamfikia B kupitia kwako, na laini yako itabeba trafiki ya watu wengine mpaka ijae.

```
ip route 203.0.113.0/24 Null0
ip prefix-list ZETU seq 5 permit 203.0.113.0/24
route-map A-OUT permit 10
 match ip address prefix-list ZETU
```

Mstari wa Null0 (njia isiyoelekea popote) unahitajika: bloku isipokuwepo kwenye jedwali la njia, amri ya `network`, inayoitangaza kwenye BGP, haitangazi kitu. Kila jirani, yaani ruta ya A na ya B, awe na route-map (orodha ya sheria za njia) ya kuingia na ya kutoka, la sivyo matoleo mapya ya FRR hayapokei wala kutangaza njia yoyote.

2. Trafiki inayotoka

```
route-map A-IN permit 10
 set local-preference 200
route-map B-IN permit 10
 set local-preference 100
```

`local-preference` ni kipaumbele cha njia ndani ya mtandao wako; namba kubwa hushinda. 100 ndiyo ya kawaida. Angalia lakini: kama A anakupa njia ya jumla pekee, 0.0.0.0/0, na B anakupa jedwali zima, trafiki itapita kwa B hata ukiweka 200. Bloku mahususi zaidi hushinda kabla kipaumbele hakijatazamwa. Waombe wote wawili wakupe jedwali la aina moja.

3. Trafiki inayoingia

Refusha njia ya B kwa kurudia namba yako:

```
route-map B-OUT permit 10
 match ip address prefix-list ZETU
 set as-path prepend 64500 64500
```

Mara mbili au tatu zinatosha. Wateja wa B mwenyewe wataendelea kuja kupitia B hata ukirudia mara kumi, kwa kuwa watoa huduma wengi huipa njia ya mteja kipaumbele kikubwa kuliko ile waliyoipata kwenye kituo cha kubadilishana trafiki kama KIXP cha Nairobi au TIX cha Dar es Salaam. Kipaumbele hicho hupimwa kabla ya urefu wa njia. Dawa yake ni komyuniti, alama inayobandikwa kwenye njia: muulize B ni ipi inayoshusha kipaumbele chako ndani ya mtandao wake, kisha iongeze kwenye B-OUT kwa `set community`.

Mwenye /23 anaweza pia kuitangaza kote kote, na kwa A pekee akaongeza /24 zake mbili. ROA (idhini iliyosainiwa ya nani atangaze bloku) iruhusu urefu wa 24, vinginevyo mitandao inayokagua RPKI, mfumo wa idhini hizo, itazitupa. Mwenye /24 moja hana nafasi hiyo, maana /25 huchujwa karibu kila mahali.

4. Hakiki

```
clear bgp ipv4 unicast * soft
show bgp ipv4 unicast neighbors 192.0.2.5 advertised-routes
```

Anwani hiyo ni ya ruta ya B. Usisahau neno `soft`. Bila hilo unakata vikao vyote vya BGP na majirani. Kisha pima kwa traceroute kutoka mtandao wa nje, kwani ruta yako haioni njia ya kurudi. Mwisho, saa za trafiki ndogo, zima jirani A kwa `neighbor 192.0.2.1 shutdown` na uhakikishe B anabeba kila kitu, pande zote mbili.